Rubarbi Uani kwa Bi Pindo

Asubuhi ile fundi cherehani aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Bi Pindo alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akalinyanyua juu, akalitazama, kisha akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. Wifi yake, aliyekuwa akitia vifungo upande wa pili wa meza, alishusha miwani puani.

"Wifi, una homa?"

"Sina."

"Basi unacheka nini? Shati la watu hilo."

Kilichomchekesha kilikuwa kimetoka mlangoni punde tu: mwokaji mikate wa barabara ya pili, mwanamume mpana mwenye unga mpaka kwenye nyusi. Watu walimwita Bwana Hamira kwa sababu popote anapoingia mambo huumuka. Sauti zinapanda, watoto wanaruka, na hata aliyekuja kulalamika anajikuta anasimulia hadithi. Alikuwa ameingia amekumbatia boksi kifuani kama mtu aliyeokota paka, akasimama katikati ya chumba cha kushonea, akasema kwa unyenyekevu:

"Bi Pindo, nimekuja kuomba ardhi."

"Ardhi!"

"Kipande tu. Uani kwako. Hata kona."

Kumbe boksini mlikuwa na mizizi. Bwana Hamira aliishi juu ya duka lake la mikate, na udongo pekee aliokuwa nao duniani ulikuwa ndani ya kopo la dirishani. Zamani, akiwa kijana, alijifunza kazi katika jiko la hoteli moja, na humo walikuwa wakioka mkate wa tamutamu uliojazwa vikonyo vyekundu vya mmea fulani, vikali kwa uchachu mpaka masikio yanacheza, lakini ukitia sukari na moto unasahau jina lako. Tangu atoke kule hakuwahi kuuonja tena. Sasa alikuwa amempata mtu wa kitalu huko milimani, akaagiza kwake mimea mitatu, ikaja imefungwa kwa gunia bichi.

Alifungua. Wote watatu wakainama. Ilikuwa mizizi mitatu minene, myeusi, iliyojikunja kama ngumi za mtu aliyekasirika, na juu ya kila mmoja vijicho vya rangi ya waridi vimechomoza.

"Hii ndiyo inaliwa?" aliuliza wifi yake Bi Pindo. "Mimi nikiikuta njiani nakimbia."

"Inaitwa rubarbi, dada."

"Rubani?"

"Ru-bar-bi."

"Mimi nimesikia rubani. Sasa mtamfukia rubani wa watu uani kwetu, na ndege ataiendesha nani?"

Hapo ndipo Bi Pindo alipoanza kucheka, na hakuacha hata mwokaji alipokwisha kuaga, akagonga kichwa kwenye fremu ya mlango, akauomba mlango radhi. Ndiyo maana ya ile mikono miwili ya kushoto.

Sasa lazima isemwe, Bi Pindo hakuwa msichana. Alikuwa na mjukuu. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, na dada wa mumewe, huyu huyu wa miwani puani, alihamia kwake wakati wa msiba akiwa na sanduku moja, akabaki. Walishona pamoja, wakala pamoja, wakazeeka pamoja, na nyumba ilikuwa na amani ya kutosha. Kicheko ndicho kilichokuwa adimu. Na kila mara kilipomponyoka siku hizi, Bi Pindo alijikuta akimtazama wifi yake kwa pembe ya jicho, kama mtu aliyechota kitu kwenye sahani ya mwenzake.

Siku ya kupanda ilikuwa Jumamosi, na Bwana Hamira alifika kuchimba mashimo akiwa amevaa shati jeupe lililonyooshwa na suruali yenye mkunjo unaoweza kukata mkate. Bi Pindo naye alitoka amevaa gauni lake la maua, lile la sherehe, na hereni. Walipoonana walisimama kidogo.

"Mnaenda harusini," aliuliza wifi, ambaye tayari alikuwa amejiwekea kiti kivulini, "au mnaenda kushika samadi?"

Bwana Hamira alichukua jembe akazunguka uani akitafuta mahali. Pale ukutani maji ya mvua yalikuwa yakituama, akapakataa. Chini ya mti kivuli kilikuwa kizito, akapakataa. Mwishowe akachagua upande wa kamba ya nguo, palipopata jua la asubuhi na upepo kidogo. Mji ule ulikuwa wa baridi, na mmea huo, alisema, hupenda baridi kuliko watu wanavyopenda blanketi. Akachimba. Akachimba mpaka shimo likamfika gotini, akaokota mawe na mizizi ya magugu, akachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri.

"Hii imekaa mpaka imepoteza harufu," alijigamba.

"Imempotezea nani?" aliuliza wifi huku amebana pua.

Kati ya shimo na shimo ilitakiwa mita moja, kwa sababu mmea ukishapanuka hautaki kubanwa. Bi Pindo akavua utepe wake wa kupimia shingoni, akamshikisha Bwana Hamira ncha moja, akaanza kurudi nyuma na ncha ya pili. Alirudi, akarudi, na utepe haukukaza.

"Bwana Hamira, wewe kaa pale pale."

"Nimekaa."

"Hujakaa, unanifuata."

Mwokaji akatazama miguu yake kwa mshangao wa kweli kabisa, kana kwamba ni miguu ya kuazima. Wifi akakohoa. Bi Pindo akageuza uso ukutani, mabega yakimtikisika.

Walipopata vipimo na mashimo mengine mawili yakachimbwa, Bwana Hamira akapiga magoti na shati lake jeupe na kumwonyesha jinsi ya kuupandikiza mzizi. Macho yaelekee juu. Yasizame, yachungulie tu usawa wa udongo, maana ukiyafukia sana yanaoza. Bi Pindo alishika mzizi wa pili kwa vidole vilivyozoea hariri na lasi, akaukalisha, akaurudishia udongo pembeni taratibu, akaupiga piga kama mtoto anayelazwa. "Hivyo hivyo," alinong'ona mwokaji, na kwa nini alinong'ona hakuna ajuaye, hapakuwa na mtu amelala.

Kisha udongo ulitakiwa kukanyagwa ushikamane na mizizi, lakini pembeni, si juu ya macho. Wakakanyaga. Mmoja huku, mwingine kule, wakizunguka shimo, na kwa kuwa ardhi ilikuwa laini ikabidi washikane mabega wasianguke. Mzunguko wa kwanza ulikuwa kazi. Wa pili ulikuwa na mdundo kidogo. Wa tatu, kusema kweli, ulikuwa ngoma kamili isiyo na mpigaji, na ndipo kisigino cha Bi Pindo kilipoteleza akakaa kitako, pwaa, kwenye samadi iliyobaki, na gauni lake la maua.

Bwana Hamira akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Bi Pindo akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema kwa heshima zote:

"Bado ina harufu."

Walicheka mpaka wakaishiwa nguvu za kuinuana. Wifi kule kitini alicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha akainuka akisema ngoja akalete maji, akakawia ndani muda mrefu kuliko ndoo yoyote inavyojaa.

Wakati wa kutandaza nyasi kavu kuzunguka mimea, wakiacha vichwa vyake wazi vipumue, Bwana Hamira alimpa Bi Pindo masharti yaliyobaki. Majani hayaliwi kabisa, yana sumu. Kinacholiwa ni kikonyo kile kinachobeba jani. Na mwaka wa kwanza havuni mtu.

"Hata kimoja?"

"Hata cha kuonja. Majani yanalisha mizizi, ukiyachuma sasa unaunyima mmea nguvu. Mwaka wa pili tutachukua vichache. Wa tatu ndio tutakula mpaka tuseme basi."

Bi Pindo alilisikia lile "tu" kila mahali lilipokuwa. Akanawa mikono mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imetakata.

Ikawa desturi. Mikate ya asubuhi ikishatoka tanurini, Bwana Hamira anakuja na mkate wa moto chini ya kwapa, anashika kopo la kumwagilia, na wawili wanasimama mbele ya marundo matatu ya nyasi kama watu wanaosubiri gari. Jani la kwanza lilipotokea, limejikunja makunyanzi kama nguo iliyotolewa kwenye beseni, Bi Pindo alipiga ukelele uliomtoa jirani nje akiwa na povu la mswaki mdomoni.

"Mwizi?"

"Jani!"

Jirani akatazama jani, akawatazama wale wawili wanavyoshikana mikono na kurukaruka, akarudi kwake kusukutua.

Kazini mambo yaliharibika kwa namna ya kufurahisha. Bi Pindo alishona mfuko wa suruali ukafungwa juu na chini, mwenye suruali akaja kuuliza ataingiza mkono wapi. Bwana Hamira alitia chumvi mara mbili kwenye mikate ya siku nzima, na wateja walipolalamika aliwashukuru. Wote wawili hawakuwa wanaona wala kusikia. Lakini walichosema wao kwa wao kilikuwa ni majani, samadi, konokono, mvua. Jambo lenyewe hakuna aliyeligusa. Bi Pindo akiwa anapiga pasi alikuwa akijiuliza angelisemaje mbele ya mwanamke aliyelala naye chumba kimoja wiki zote za matanga, ambaye mpaka leo akisema "kaka yangu" sauti yake hushuka. Pasi ikapumzika mahali pamoja mno, kola ikaungua, na safari hii hakucheka.

Mmea wa katikati ukaanza kulegea. Ile miwili ya pembeni ilikuwa imefungua majani mapana kama trei, lakini huu wa kati ulitoa vijani viwili vya njano na kuinama. Bwana Hamira akachutama, akaugusa, akanusa kidole.

"Umelewa maji. Nani anaumwagilia?"

"Mimi na wewe."

Wakageuka. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na jagi, tayari amenyanyua mkono.

"Nauonea huruma," alisema kwa ukali. "Ndugu zake wamekua, wenyewe umedumaa. Nimekuwa nikiupa kidogo. Na chai iliyobaki."

"Na chai, dada?"

"Isiyo na sukari!"

Ikabidi waung'oe, wakate kwa kisu kipande kilichooza, na kuupanda upya juu ya kilima kidogo cha udongo ili maji yasituame. Wifi akapigwa marufuku ya jagi, akanuna siku nzima, na kesho yake akaonekana ameuchomekea mmea mgonjwa kijiti na kuufungia kitambaa chekundu, usije ukakanyagwa. Ukapona.

Siku ya rabsha ilikuja wakati majani yalikuwa yamenawiri kuliko wakati wowote. Bwana Hamira alichelewa asubuhi hiyo kwa sababu ya tanuri lililogoma, akafika karibu na saa ya chakula akiwa bado na aproni, mkate kwapani. Aliingia kwa mlango wa uani, akatupa jicho kwenye bustani kama kawaida yake, na damu ikamsimama. Mmea wa mwisho ulikuwa umenyofolewa majani mawili makubwa kuliko yote.

Akainua uso. Mbele ya mlango wa jikoni jiko la mkaa lilikuwa linawaka, juu yake sufuria ya mboga za majani ikichemka, na pembeni Bi Pindo, amefumba macho, anapeleka kijiko mdomoni.

"Tema!" alinguruma Bwana Hamira. "Tema, Bi Pindo, tema!"

Mkate ukaruka huku, yeye akaruka kule. Kwa mkono mmoja alikipiga kijiko, na kwa goti, bila kukusudia, akaipiga sufuria, na mboga zote zikamwagika mkaani kwa kishindo cha moshi na mvuke. Akamshika Bi Pindo mashavu kwa viganja vyenye unga, akimkagua ulimi kama anayenunua ng'ombe.

"Umemeza? Majani ni sumu, nilikwambia ni sumu! Usife, nakuomba usife, bado sijakwambia!"

Bi Pindo, uso mweupe kwa unga na jani la mboga limemning'inia kidevuni, alisema kwa shida katikati ya vile viganja:

"Hujaniambia nini?"

Hamira yote ikamtoka mwokaji, akashuka kama donge lililofunguliwa tanuri mapema.

"Mwambie basi," ilisikika sauti nyuma ya moshi. "Mboga zangu umekwisha kuzimwaga, angalau tupate maneno."

Alikuwa wifi. Amekaa kwenye kigoda nyuma ya jiko, mkononi ameshika jani kubwa la rubarbi, anapepea moto.

"Hizo mboga..." alianza Bwana Hamira.

"Nimezinunua sokoni mwenyewe, kwa miguu yangu hii mibovu."

"Na hilo jani?"

"Pepeo langu limevunjika. Nikaona mna majani mapana hivi, hamyali, hamyauzi, kutwa mnayakodolea macho. Nikachukua mawili. Moja la akiba. Ni sumu na kwa moto?"

"Kwa moto... hapana, dada."

"Basi endelea. Ulikuwa unamwambia."

Mwokaji akafuta mikono kwenye aproni. Akaifuta tena.

"Nilitaka kusema kwamba huu mkate ninaokuletea kila asubuhi, ningependa nisiulete tena. Yaani, uwe uko hapo hapo. Ukiamka, mkate upo. Wewe upo na mimi nipo. Mwaka huu, na mwakani, na ule wa tatu, na baada ya hapo vilevile, wa kawaida au wa maziwa, wowote unaoupenda..."

"Bwana Hamira," alisema Bi Pindo, "unaniposa au unachukua oda?"

"Nakuposa!" alisema kwa sauti iliyomshtua mwenyewe, mpaka akageuka nyuma kuangalia nani amesema.

Bi Pindo alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Alimtazama wifi yake.

Wifi akaliweka jani chini. Akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaivaa.

"Unanitazama mimi kwani mimi ndiye ninayeposwa?"

"Wifi..."

"Ngoja nikwambie, wifi yangu. Kaka yangu tulimlilia pamoja, wewe na mimi, tukamlilia vizuri. Deni hilo hatuna." Sauti yake ilishuka kidogo, kisha ikapanda. "Lakini tangu siku ile ya kukanyagakanyaga samadi, mimi natafuta visingizio vya kuwapisha mpaka vimeniishia. Mara maji, mara sokoni, mara kwa jirani. Juzi nimesingizia jino! Nikirudi nauliza, mmezungumza? Mnaniambia, ndiyo, tumezungumza konokono. Jamani! Nimechoka kujifukuza nyumbani kwangu!"

Bi Pindo akaketi chini, hapo hapo penye majivu. Kicheko kilianzia magotini, kikapanda, kikamfikia Bwana Hamira, ambaye naye akaketi.

"Masharti yangu ni mawili," aliendelea wifi kwa sauti kali, ingawa midomo ilikuwa inamchezacheza. "Chumba changu sihami. Na wifi humu ndani ni mimi. Huyu bwana ana madada?"

"Sina hata mmoja."

"Afadhali."

"Ndiyo," alisema Bi Pindo, akipangusa machozi, na kwa kuwa hakuna aliyeelewa anamjibu nani, akalirudia akimwangalia mwokaji: "Nimesema ndiyo." Kwikwi ikamshika, hata maji hayakuitoa, na alipompigia simu binti yake kumpa habari, binti alifikiri mama analia, akalia kwanza yeye.

Mchana ule walikula mkate mtupu, kwa kuwa mboga zilikuwa zimekwisha kuwa majivu, na kila mmoja aliapa hajawahi kula mlo mtamu namna ile.

Walioana bila makuu. Bwana Hamira aliacha ghorofa ya dukani kwa vijana wake wa kazi, akahamia na masanduku mawili na chujio la unga. Bi Pindo alijifunza kulala kabla ya jogoo kuingia bandani na kuamka kabla hajawika, maana ndizo saa za mwokaji. Wifi alijifunza kulalamikia mkoromo kupitia ukutani, na alifanya hivyo kwa bidii.

Baridi ilipopita na mvua kurudi, mimea yote mitatu ilichipua upya, safari hii kwa fujo, vikonyo vyekundu, vinene, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Mmoja ukataka kutoa maua, ukanyanyua bua refu katikati, na Bwana Hamira akalikata chini kabisa ili nguvu zirudi mizizini. Kisha akaleta bakuli.

"Havikatwi kwa kisu," alimwambia mkewe. "Unakishika chini kabisa, unakisokota kidogo, unavuta."

Bi Pindo akashika, akasokota, akavuta, na kikonyo kikatoka kwa mlio mdogo wa kizibo. Akapiga ukelele. Wakavuna vichache, wakaacha vingi zaidi vilivyosimama, wakakata majani yote na kuyatupa kwenye shimo la mboji. Kabla ya kupika, wote watatu wakaonja kibichi.

Wifi akafumba jicho moja, likagoma kufumbuka. Bi Pindo mdomo ukajikunja kama mfuko wa kamba. Bwana Hamira alitafuna polepole, machozi yakimlengalenga, na hakuna aliyejua kama ni ya uchachu au ya miaka.

"Ndio wenyewe?" aliuliza Bi Pindo.

"Ndio wenyewe hasa."

Akaingia jikoni. Nyumba nzima ikajaa harufu ya siagi na sukari inayoungua pembeni. Walipokaa kwenye ngazi ya uani na sahani mapajani, vilisikika vijiko tu. Halafu wifi akaomba kipande kingine. Akapewa. Akaomba cha tatu. Akapewa nusu.

"Kuna vikonyo kibao pale nje," alisema. "Nendeni mkavute vingine."

"Havivutwi, dada. Mimea bado michanga. Mpaka mwakani."

"Mwakani!"

Wifi akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akiwa haamini. Kisha akainuka, akalibeba bakuli lenye kipande cha mwisho, akaingia nalo chumbani kwake. Walisikia komeo likifungwa. Bwana Hamira akamtazama mkewe, Bi Pindo akamtazama mumewe, wakaanza kucheka taratibu, wakizibana midomo kwa vidole vyenye sukari.